Afrobarometer na mswada uliorudishwa bungeni: data nzuri, swali linalotumiwa vibaya

Rais akikataa kutia saini mswada, haipiti wiki kabla hujaona chati inayodai kuonyesha wananchi wanavyoyaona mamlaka hayo. Chini yake, kwa maandishi madogo, mara nyingi chanzo ni Afrobarometer, mtandao unaopima maoni ya wananchi wa Afrika. Chanzo hakina kasoro. Kasoro ni kwamba swali lililochorewa chati halikuuliza habari ya Rais kukataa mswada, na aliyeichora ama hakusoma hojaji au aliisoma akaona inakaribia, basi yatosha.

Mapitio haya yanaitazama huduma hiyo kwa kazi moja tu: kujua wananchi wa Afrika Mashariki wanasemaje kuhusu Rais kuzuia au kurudisha mswada uliopitishwa na Bunge. Kwa kazi nyingine, kama vile imani kwa polisi, bei za vyakula au rushwa ndogondogo, hukumu ingekuwa tofauti na pengine ya ukarimu zaidi.

Kwanza, unachopata. Afrobarometer ni mtandao wa utafiti wa maoni wenye makao Accra, Ghana. Ulianza mwaka 1999 na nchi 12. Mahojiano hufanywa kwa raundi, na raundi ya 9 ilifika nchi 39. Kazi ya Kenya hufanywa na Institute for Development Studies ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na ya Tanzania na taasisi ya utafiti ya REPOA. Mahojiano ni ya ana kwa ana, kwa raia wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na sampuli ni watu 1,200 au 2,400 kutegemea nchi. Kenya na Tanzania huwa kwenye kundi la 2,400. Hojaji, mwongozo wa namba za majibu, muhtasari wa matokeo na data ghafi yote ni bure. Kuna pia kifaa cha mtandaoni cha kuchagua nchi, raundi na swali, kisha kugawa majibu kwa jinsia, umri, elimu au mjini na kijijini, bila kupakua chochote. Kwa mtu mwenye simu na bando dogo, hicho kifaa peke yake kinatosha kumpa nusu ya anachohitaji. Lakini ujue Kiingereza. Wahojiwa wengi wanaulizwa kwa Kiswahili, majibu yao wanayatoa kwa Kiswahili, halafu matokeo yanarudi kwao kwa lugha nyingine. Hilo ni pungufu la kweli kwa huduma inayojitambulisha kama sauti ya wananchi.

Namna sampuli inavyopatikana ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote, na inafaa kuielewa kabla ya kuibeza. Nchi hugawanywa katika maeneo madogo ya kuhesabia watu, yale yale ya sensa, na katika kila eneo huhojiwa watu 8. Kwa hiyo sampuli ya 2,400 ni maeneo 300. Mdadisi akifika hachagui nyumba inayompendeza. Ana sehemu ya kuanzia aliyopangiwa, na nyumba ya kwanza huipata kwa kujumlisha tarakimu za tarehe ya siku hiyo: tarehe 14 ni 1 na 4, yaani nyumba ya 5. Kutoka hapo anaendelea kwa kuruka nyumba kwa idadi aliyopewa. Ndani ya nyumba, jinsia hubadilishwa kwa zamu, mwanamke kisha mwanamume, na anayehojiwa hupatikana kwa bahati nasibu kati ya wakazi wa jinsia hiyo, si yule aliyefungua mlango. Linganisha na kura za mitandaoni ambapo anayejibu ni yule aliyekwisha kukasirika.

Sasa swali lenyewe. Linakuja kwa umbo la kauli mbili. Mdadisi anasoma Kauli ya 1: wabunge wanawawakilisha wananchi, kwa hiyo wao ndio watunge sheria za nchi hata kama Rais hakubaliani nao. Kisha Kauli ya 2: Rais anatuwakilisha sote, kwa hiyo apitishe sheria bila kujali Bunge linafikiri nini. Anauliza ipi iko karibu zaidi na maoni yako, kisha anauliza tena: unakubaliana nayo, au unakubaliana nayo kabisa? Majibu yanaandikwa kwa namba: 1 ni kukubali kabisa Kauli ya 1, 2 ni kukubali Kauli ya 1, 3 ni kukubali Kauli ya 2, 4 ni kukubali kabisa Kauli ya 2, 5 ni kutokubaliana na yoyote, na 9 ni sijui.

Soma Kauli ya 2 mara ya pili. Inamzungumzia Rais anayetunga sheria peke yake. Rais anayekataa mswada hatungi kitu. Anazuia kilichotungwa na wengine. Mtu anaweza kabisa kuichagua Kauli ya 1, akataka Bunge ndilo litunge sheria, na papo hapo akataka Rais awe na uwezo wa kurudisha mswada mbovu. Hakuna mgongano hapo. Ndivyo Katiba ya Kenya na ya Tanzania zilivyoandikwa. Kwa hiyo asilimia ya waliochagua Kauli ya 1 ikiitwa "wanaopinga Rais kukataa miswada", hilo ni kosa. Nayo asilimia ya Kauli ya 2 ikiitwa "wanaounga mkono", ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu wale wameunga mkono jambo zito kuliko hilo.

Ili kuona pengo lilivyo pana, weka kando data na ufungue Katiba. Kenya, Ibara ya 115: Rais ana siku 14 tangu apokee mswada. Ama anautia saini, au anaurudisha bungeni pamoja na waraka wa mambo asiyoridhika nayo. Bunge likikubali yote aliyosema, kura za kawaida zinatosha. Likitaka kuupitisha tena bila kubadili, au kwa mabadiliko yasiyomridhisha kikamilifu, linahitaji thuluthi mbili. Bunge la Taifa lina wabunge 349 ukimwacha Spika, kwa hiyo ni kura 233. Mswada unaohusu kaunti unahitaji pia thuluthi mbili ya Seneti, ambako kila kaunti kati ya 47 ina kura moja, yaani kura 32. Wakizipata, Spika anaupeleka tena ndani ya siku 7, na Rais ana siku 7 za kutia saini. Asipotia, unakuwa sheria hivyohivyo. Na Rais akikaa kimya zile siku 14 za mwanzo bila kusaini wala kurudisha, mswada unahesabiwa umesainiwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa marekebisho ya sheria za uchaguzi ya 2017: hayakutiwa saini, hayakurudishwa, yakawa sheria mwezi Novemba.

Tanzania, Ibara ya 97, ni mlango wa aina nyingine. Rais akikataa, anaurudisha na maelezo ya sababu, na mswada ule haupelekwi kwake tena kabla ya miezi sita, isipokuwa uwe umeungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Ukiletwa na theluthi mbili ndani ya miezi hiyo sita, Rais ana siku 21: akubali, au avunje Bunge. Maana yake mbunge wa Tanzania anayempinga Rais kwenye mswada anaweka mezani na kiti chake mwenyewe. Uganda, Ibara ya 91, Rais ana siku 30, na mswada aliourudisha mara mbili unakuwa sheria bila saini yake ukipita mara ya tatu kwa theluthi mbili.

Nchi tatu, mashine tatu. Hojaji inayouliza swali moja kwa nchi zote haina budi kuzipuuza tofauti hizo, na hatuwezi kuilaumu kwa hilo. Ilitungwa kulinganisha nchi nyingi. Ila anayechukua chati ya Kenya na Tanzania akaziweka bega kwa bega chini ya kichwa cha "kura ya turufu" analinganisha vitu viwili ambavyo sheria zenyewe hazivilinganishi.

Jambo jingine ambalo swali haliligusi, nalo ndilo moyo wa mjadala Kenya, ni hesabu ya kura. Zile 233 zinahesabiwa kwa wabunge wote, si kwa waliohudhuria. Mbunge aliyesafiri, aliyeugua au aliyejifungia ofisini amempigia Rais kura bila kuinua mkono. Mwaka 2016 sheria iliweka kikomo cha riba za benki, asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Mwaka 2019 wabunge waliupitisha Mswada wa Fedha wakakiacha kikomo hicho. Rais Uhuru Kenyatta akaurudisha mwezi Oktoba akitaka kiondolewe. Wabunge waliotaka kukilinda hawakufikisha 233 ukumbini, na kikomo kikaondoka mwezi Novemba. Rais hapo hakuzuia sheria mpya. Alitumia waraka wa kurudisha mswada kupata kitu ambacho Bunge lilikuwa limekataa kumpa. Mwananchi akiulizwa kama Rais awe na uwezo wa "kuzuia" miswada, jibu lake halisemi lolote kuhusu matumizi ya namna hii.

Kisha 2024, picha ikageuka. Tarehe 25 Juni Mswada wa Fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia bungeni siku ileile. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kutousaini na kuurudisha na pendekezo la kufuta vifungu vyote. Mara hii barabara ndiyo iliyokuwa ikidai Rais akatae. Ukitazama hesabu, wale 195 walioupitisha wasingetosha kumpinga hata kama wote wangeshikilia msimamo. Fikiria sasa mtu yuleyule anahojiwa Oktoba 2019 na Julai 2024 kuhusu nani awe na neno la mwisho kati ya Rais na Bunge. Hakuna haja ya kubadilika msimamo wake wa kikatiba ili jibu libadilike. Inatosha mara ya kwanza awe na mkopo wa benki, na mara ya pili awe anaogopa kodi.

Hapo ndipo tarehe za mahojiano zinapokuwa na uzito kuliko namba ya raundi. Raundi moja huchukua miaka. Ya 8 ilianza 2019 ikaisha 2021, katikati ikakatizwa na Korona. Nchi mbili zilizo kwenye raundi moja zinaweza kuwa zimetenganishwa na uchaguzi, maandamano na bajeti. Tarehe halisi za kila nchi zimo kwenye maelezo ya kitaalamu ya utafiti huo. Zitafute kabla ya kitu kingine, ziandike pembeni mwa karatasi, na uorodheshe miswada iliyokuwa moto majuma hayo.

Kama swali la kauli mbili halitoshi, huduma hii ina nini kingine? Ina cha kutosha, ukijua pa kukitafuta. Kuna jozi ya kauli kuhusu kama Rais lazima atii sheria na mahakama hata akiona zimekosea. Kuna nyingine kuhusu kama Bunge limhoji Rais mara kwa mara au limwache afanye kazi. Kuna swali la ni mara ngapi Rais hulipuuza Bunge na kufanya atakavyo. Kuna utendaji wa Rais na wa mbunge wako, na imani kwa kila mmoja. Mchanganyiko wa haya manne au matano unaeleza zaidi kuliko swali moja, hasa ukiutazama kwa mtu mmojammoja badala ya jumla: ni wangapi wanaotaka Bunge litunge sheria lakini hawamwamini mbunge wao? Kundi hilo ndilo, kwa maoni yetu, chimbuko la uungwaji mkono wa Rais anayerudisha miswada. Wanataka Bunge lenye nguvu na hawalitaki hili lililopo. Chati ya swali moja haiwezi kuwaonyesha.

Utaratibu wa kuifanya kazi hiyo bila kujikwaa ni huu. Anza na hojaji ya nchi na raundi unayoitaka, si data. Tafuta maneno ya swali, andika namba yake. Namba hubadilika raundi hadi raundi, na maswali mengine huachwa kabisa. Anayechukua swali la namba ileile katika raundi tatu bila kusoma maneno huishia kulinganisha Bunge na maji ya bomba. Kisha fungua mwongozo wa namba za majibu. Baada ya hapo ndipo upakue faili, ambalo huja kwa mfumo wa SPSS, programu ya takwimu ya kulipia. Kama huna leseni, programu za bure za R na PSPP zinalifungua vizuri.

Hatua inayoharibu kazi za wengi ni ya kwanza baada ya kufungua faili. Mtu anaona safu ya namba, anatafuta wastani. Chukua wahojiwa kumi wa mfano: wanne wamejibu 1, wawili 2, mmoja 3, mmoja 4, mmoja 5, mmoja 9. Jumla ni 29, wastani 2.9. Ukiuchukulia wastani huo kama mizani ya 1 hadi 4, wananchi wameegemea kwa Rais. Rudi kwenye majibu: sita kati ya kumi wamechagua Bunge, wawili tu wamechagua Rais. Aliyevuta wastani ni yule wa "sijui" mwenye 9 yake, akisaidiwa na yule wa 5 asiyekubaliana na kauli yoyote. Ondoa hao wawili na wastani unashuka hadi 1.9. Afadhali zaidi, usitafute wastani kabisa. Toa asilimia za makundi manne: Bunge, Rais, hakuna hata moja, sijui. Namba hasi kama -1 ni jibu lisilokuwepo. Hiyo itoe kwenye hesabu. Lakini "sijui" ibaki kwenye chati. Kwa jambo la kikatiba kama hili, idadi ya wasiojua ni matokeo yenyewe, na ukiigawa kwa elimu na kwa mjini na kijijini mara nyingi ndipo habari ilipo.

Usisahau uzito. Faili lina safu za kurekebisha sampuli ili kila kundi lihesabike kwa ukubwa wake halisi. Safu ambayo jina lake huanza na withinwt ni ya kazi ya ndani ya nchi moja; ya combinwt ni ya kuunganisha nchi kadhaa ili nchi yenye wahojiwa 2,400 isiifunike yenye 1,200. Kuchanganya hizo mbili si kosa la kufisha, ila ni aina ya kosa ambalo mhakiki mkali hulinusa kwenye aya ya kwanza.

Kuhusu kiasi cha makosa, wanachotangaza ni asilimia 2 juu au chini kwa sampuli ya 2,400 na 3 kwa 1,200, kwa uhakika wa asilimia 95. Namba hizo ni za sampuli iliyochotwa mtu mmojammoja. Wahojiwa 8 wa kijiji kimoja wanasikiliza redio moja na wana mbunge mmoja; majibu yao kuhusu Rais na Bunge yanafanana kuliko ya watu 8 waliotawanyika nchi nzima. Ukikadiria mfanano wa wastani tu, ile 2 inakaribia 2.6. Si janga. Janga ni pale mtu anapoamua kutoa chati ya kaunti. Gawa 2,400 kwa kaunti 47: ni watu kama 51 kwa kaunti, na kiasi cha makosa kinafika asilimia 14 kabla hata hujahesabu mfanano wa vijiji. Kaunti iliyopata 40 na iliyopata 60 zinaweza kuwa na maoni yaleyale. Ukitaka kwenda chini ya taifa, ishia kwenye mikoa mikubwa ya zamani au mjini na kijijini.

Kuna swali moja mwishoni mwa hojaji ambalo wengi hawalifikii nalo ni johari: mhojiwa huulizwa anadhani ni nani aliyewatuma wadadisi. Wako wanaotaja shirika la utafiti. Wako wanaosema serikali, au ofisi ya Rais moja kwa moja. Kwa swali linalompima Rais dhidi ya Bunge, gawa majibu kwa makundi hayo mawili. Wanaodhani wadadisi wametumwa na serikali wakiwa wamejazana upande wa Rais kuliko wenzao, sehemu ya "uungwaji mkono" huo ni tahadhari ya mtu aliyekaa na mgeni mlangoni. Tafiti chache sana za maoni hukuachia kipimo cha woga wa wahojiwa wake ndani ya faili lilelile, na kwa hili Afrobarometer inastahili sifa bila kinyongo.

Kwa mwenye fedha za kufanya utafiti wake mwenyewe, hojaji hii ni mahali pazuri pa kuanzia na pabaya pa kuishia. Tatizo la kwanza ni msamiati. "Kura ya turufu" ni tafsiri tuliyoizoea kwenye taarifa za Umoja wa Mataifa, na mhojiwa akiisikia huenda mawazo yake yakaenda Baraza la Usalama kabla ya Ikulu. Isitoshe, turufu ni neno la karata: ile inayokula nyingine zote. Ukiuliza kama Rais awe na turufu, umeshamwambia mhojiwa kwamba Rais akitupa karata yake mchezo umekwisha, ilhali kwa mujibu wa katiba hizi tatu mchezo ndiyo kwanza unarudi bungeni. "Kukataa mswada" kuna uzito wa aina hiyohiyo. "Kurudisha mswada bungeni" ni sahihi zaidi kwa Kenya. Kwa Tanzania lazima useme yote mawili, kukataa na kurudisha, kwa kuwa ndivyo Ibara inavyosema. Na "thuluthi mbili" isomwe kama watu wanavyohesabu: wawili kati ya kila wabunge watatu.

Swali linaloweza kusimama ni kama hili: "Bunge likishapitisha mswada, Rais anaweza kuutia saini ukawa sheria, au kuurudisha bungeni akieleza asichokubaliana nacho. Wabunge wakitaka kuupitisha bila kumfuata, lazima waungwe mkono na wabunge wawili kati ya kila watatu. Je, kiwango hicho ni kikubwa mno, kinafaa, au ni kidogo mno?" Litanguliwe na swali la kama mhojiwa amewahi kusikia Rais akirudisha mswada, ili uwatenge wanaojibu kwa kujua na wanaojibu kwa adabu. Kisha igawe sampuli nusu kwa nusu: kundi moja lisomewe "Rais wa sasa", jingine "Rais yeyote atakayekuwepo". Tofauti kati ya nusu hizo mbili ni kipimo cha ni kiasi gani unapima mamlaka, na ni kiasi gani unapima mapenzi kwa mtu. Kwa bajeti yoyote, kama kuna kitu kimoja cha kulipia, ni hicho. Nusu mbili za watu 1,200 kila moja zinaonyesha tofauti ya asilimia 5 au 6 kwa uhakika. Nusu za 300 hazitakuonyesha kitu chini ya 10.

Njia za mkato zilizopo sokoni zinahitaji maneno machache. Utafiti wa ujumbe mfupi unabanwa na herufi 160, na swali lililoandikwa hapo juu haliingii bila kukatwa karibu nusu, kinachobaki ni "Unaunga mkono Rais kukataa mswada? 1 Ndiyo 2 Hapana", yaani umerudi kwenye mapenzi kwa mtu. Utafiti wa simu ni wa haraka, siku tatu nne, na unafaa sana siku Rais aliporudisha mswada fulani, mradi usitumie jozi za kauli ndefu: kwa sikio pekee watu hukumbuka kauli waliyoisikia mwisho. Badilisha mpangilio kwa nusu ya wahojiwa, ndipo uamini. Kura za mitandaoni na za wasikilizaji wa redio ziache kwenye burudani.

Basi nani aitumie Afrobarometer kwa jambo hili? Mwanafunzi wa sheria au siasa anayeandika kuhusu uhusiano wa Rais na Bunge kwa miaka kumi au ishirini: aitumie bila kusita, akisoma maneno ya swali kila raundi. Karani wa kamati ya Bunge anayetaka kujua wananchi wanawaonaje wabunge kabla ya kushindana na Ikulu: hana pengine pa kwenda penye data ya namna hii bure. Mwandishi wa habari anayetaka chati leo jioni kuhusu mswada uliorudishwa jana: faili hili halina jibu lake. Litampa hali ilivyokuwa mioyoni mwa watu miezi au miaka kabla mswada haujafika Ikulu, na kama ataichora, kichwa cha chati kiseme tarehe ya mahojiano na maneno ya kauli zote mbili, kwa herufi zinazosomeka kwenye simu.